Simmani: Wachimbaji Wanaoomba Ruhusa kwa Mlima

Katika misitu ya mkoa wa Gangwon, kaskazini-mashariki mwa Korea Kusini, kuna neno ambalo mtu halitamki kwa mzaha. "Simbwatda!" Nimeiona sim! Anayelitamka hulipaza kwa nguvu zake zote, kwa desturi mara tatu, mpaka bonde liitikie. Wenzake wakilisikia husimama palepale walipo, na wengine huketi chini kabisa. Hakuna wa kukimbilia kuchungulia. Hakuna wa kuinua fimbo na kupekua majani. Aliyepiga ukelele ndiye atakayezunguka, akague vichaka vilivyo karibu, aweke alama kwenye alivyoviona, na ndipo awaruhusu wengine wasogee.

Alichokiona ni mmea mdogo, aghalabu usiofika hata gotini, wenye majani yaliyotawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Ikiwa ni kiangazi, katikati yake patakuwa na kishada cha matunda mekundu. Chini ya udongo umelala mzizi wa rangi ya majani makavu, wenye shingo, kiwiliwili na miguu, kama kitoto kilichochorwa na mtu mwenye haraka. Wachina waliuita mzizi huo kwa jina lenye maana ya mtu, na jina hilo ndilo lililozunguka dunia hadi likatufikia sisi kama jinsengi.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda anaijua jinsengi kwa pakiti za kahawa na vidonge vya kuongeza nguvu. Hiyo ni ya shambani. Ya porini, ambayo Wakorea huiita sansam, ni habari nyingine kabisa, na wanaoitafuta ni watu wa aina yake. Wanaitwa simmani. "Mani" katika lugha yao ni mtu, na "sim" ni jina la kale la Kikorea la mzizi huu, kabla jina la Kichina halijatawala. Tabibu wa kifalme Heo Jun, alipokusanya kitabu kikubwa cha tiba kiitwacho Donguibogam, kilichochapwa mwaka 1613, aliandika jina la Kichina kisha akaweka kando yake lile la nyumbani: sim. Wakorea wengine waliliacha neno hilo likafa. Watu wa msituni hawakuliacha.

Ili kuelewa kwa nini kazi hii ilizungukwa na matambiko, ni lazima kwanza kuuelewa ukaidi wa mmea wenyewe. Mbegu ya jinsengi iliyoanguka msituni hukaa ardhini takriban mwaka mmoja na nusu kabla ya kuota. Mche wa kwanza huwa na vijani vitatu tu. Miaka ikipita hutokea vitano, kisha kitawi cha pili, cha tatu, cha nne, na mmea wenye vitawi sita ni wa kusimuliwa vijiweni. Kila mwaka majira ya baridi yakikaribia, shina hunyauka na kuanguka, likaacha kovu kwenye shingo ya mzizi. Makovu hayo ndiyo mchimbaji huyahesabu ili kukadiria umri. Hata hivyo hesabu hiyo ina mtego, kwa kuwa mzizi ulioumizwa au uliokosa hali njema waweza kulala ardhini miaka kadhaa bila kutoa hata jani moja. Uliyepita juu yake mwaka jana huenda uliukanyaga.

Mmea unapenda kivuli, miteremko isiyochomwa na jua la mchana, udongo wa majani yaliyooza. Simmani mzoefu anayajua hayo yote kama anavyoijua nyumba yake. Lakini ujuzi unamfikisha hadi mahali mmea unapoweza kuwapo, haumwoneshi ulipo. Mtu aweza kuzunguka msimu mzima akarudi na fimbo yake tu, huku mgeni aliyekwenda kujisaidia kichakani akakanyaga utajiri. Kati ya ujuzi na bahati kuna pengo, na katika pengo hilo ndipo Wakorea walipomweka Sansin.

Sansin ni mzimu wa mlima. Kila mlima wa maana una wake. Katika picha huchorwa mzee mwenye ndevu nyeupe, ameketi chini ya msonobari, na ubavuni mwake amelala chui milia, mara nyingine akiwa na uso wa kuchekesha zaidi ya kutisha. Si kila mara ni mzee wa kiume. Mlima Jiri, ulio kusini, tangu zamani una mama yake mtakatifu. Na imani hii ni ya kale kuliko dini zilizokuja baadaye. Kitabu cha Samguk yusa, kilichoandikwa na mtawa Iryeon karne ya 13, kinasimulia kwamba Dangun, mwanzilishi wa taifa la Korea katika hadithi, hakufa kama wafalme wengine, bali alijitenga akawa mzimu wa mlima akiwa na umri wa miaka 1,908. Dini ya Budha ilipoingia haikumfukuza mzee huyu. Ilimpa chumba. Hadi leo, mahekalu mengi ya Kibudha nchini Korea yana kijumba kidogo nyuma ya jengo kuu, juu kidogo mlimani, ambamo Sansin na chui milia wake hupelekewa mishumaa na mchele.

Kwa simmani, basi, mzizi una mwenyewe. Mchimbaji haendi kuokota, anakwenda kuomba.

Kuomba huko huanza nyumbani. Kiongozi wa kundi, aitwaye eoinmani, hutazama kalenda ya jadi na kuchagua siku njema. Kabla ya siku hiyo wenye safari huingia katika miiko. Hawalali na wake zao. Nyama na samaki hawali. Hawaendi msibani wala kwenye nyumba iliyojifunguliwa mtoto, kwa sababu kifo na uzazi vyote viwili huacha unajisi unaomchukiza mzimu. Huoga maji baridi. Wengine hufunga mlangoni kamba ya majani ya mpunga iliyosokotwa kwa kushoto, ishara inayomwambia jirani kwamba humu hamwingiliki kwa sasa. Kundi lenyewe liwe la idadi isiyogawanyika kwa mbili: watatu, watano, saba. Kwa desturi ya zamani ilikuwa kazi ya wanaume.

Wakifika mlimani hujenga kibanda chao, kisha hutafuta mti mzee au jabali na kutengeneza madhabahu chini yake. Chungu cha kwanza cha wali si cha wasafiri, hata kama wametembea tangu alfajiri. Hupikwa katika kijisufuria cha shaba, na wali huo una jina lake pekee, nogume, ambalo halitumiki kwa wali wa mezani. Pembeni huwekwa samaki mkavu, matunda, mshumaa na pombe ya mchele. Karatasi nyeupe au kitambaa hufungwa kwenye tawi. Kiongozi huinama hadi paji la uso liguse ardhi, na huzungumza na mlima kwa lugha ya heshima ambayo mtoto hutumia kwa babu yake: anataja walivyokuja, wametoka wapi, na kwamba ni watu wasiojua kitu, wanaongoja kuoneshwa.

Halafu hulala, na hapo kazi huendelea. Ndoto ni nusu ya ujuzi wa simmani. Mzee mwenye nywele nyeupe akimtokea mtu usingizini na kumwelekeza upande fulani, asubuhi upande huo ndio watakaoufuata. Nguruwe ni habari njema. Cha ajabu kwa msomaji wetu, maiti nayo ni njema, na jeneza pia. Aliyeota haropoki ovyo, maana ndoto ni mali inayoweza kuhama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Wakorea wana mfano mashuhuri wa hilo. Samguk yusa inasimulia dada wawili wa jemadari Kim Yu-sin wa ufalme wa Silla, ambao mkubwa aliota ndoto ya ajabu na mdogo, Munhui, akainunua kwa sketi ya hariri. Munhui ndiye aliyekuja kuwa malkia. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, mchimbaji anayenunua ndoto ya mwenzake hafanyi kichekesho.

Mzizi ukionekana, haung'olewi. Mchimbaji huinama tena, kisha huanza kuufukua kutoka mbali, kwa vidole na kijiti, akifuata kila unyuzi mwembamba hadi ncha yake. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi. Unyuzi ukikatika bei inaanguka, na kwa mujibu wa wazee si bei tu, ni adabu. Mzizi ukitoka mzima hulazwa ndani ya kuvumwani mbichi na kufungwa kwa gome la mti. Miche midogo huachwa, na matunda mekundu hufukiwa ardhini hapohapo. Mtaalamu wa misitu wa leo angesema huo ni uvunaji endelevu. Simmani husema ni kumrudishia mwenyewe kilicho chake.

Pengine jambo la kuvutia zaidi katika utamaduni huu ni lugha. Wakishavuka mpaka wa msitu, simmani huacha Kikorea cha kijijini na kutumia msamiati wao wa siri. Fimbo huitwa madae. Kibanda ni modum. Anayeingia mlimani kwa mara ya kwanza ni cheondungmani, na cheondung kwa Kikorea cha kawaida ni ngurumo ya radi. Dubu huwa neopdae. Chui milia, ambaye kijijini huitwa horangi, huku ni durubari. Sababu zilikuwa mbili, na zote za maana. Ya kwanza: usimtaje mwenye nyumba kwa jina ukiwa sebuleni kwake, hasa kama ana meno. Ya pili haina uhusiano na mizimu. Msituni kuna makundi mengine, nao wana masikio.

Hata mgawanyo wa mali ulikuwa na maneno yake. Kundi likikubaliana wonangme, chochote kitakachopatikana hugawanywa sawa kwa wote, awe aliyekiona au mpishi aliyebaki kibandani. Likikubaliana dokme, kila mtu na alichokiona. Makubaliano hufanywa kabla ya kupanda, mbele ya madhabahu, si baada ya mzizi kuonekana. Hapo ndipo mtu anapoanza kuona kwamba wali ule wa shaba ulikuwa ukifanya kazi nyingine pia. Watu watano wenye njaa, mbali na mahakama na polisi, wakiwa na kitu chenye thamani ya nyumba ndani ya gome la mti, wanahitaji shahidi. Mlima ulikuwa shahidi.

Hofu ya chui milia nayo haikuwa ya kubuni. Kuzunguka mji wa Taebaek na wilaya za jirani kuna makaburi ya aina ya pekee yaitwayo hosikchong, ya watu walioliwa na mnyama huyo. Mabaki yaliyopatikana yalichomwa palepale, mawe yakarundikwa juu, kisha juu ya mawe kikapinduliwa chungu chenye matundu, cha kupikia mikate ya mchele kwa mvuke, na tunduni mwake kikachomekwa kijiti cha kusokotea nyuzi. Watu waliamini kwamba roho ya aliyeliwa huwa mtumwa wa mnyama na hurudi kuwaita ndugu zake kwa sauti waijuayo. Chungu kilikuwa cha kuifungia roho hiyo ndani. Waliojenga makaburi hayo walikuwa wakulima masikini wa milimani, waliofyeka na kuchoma msitu ili wapande mtama na viazi, na kati ya watu wa aina hiyo ndimo walimotoka simmani wengi. Mnyama aliyemla jirani yako ndiye yuleyule aliyechorwa ubavuni mwa mzee mwenye ndevu nyeupe. Asiyeelewa jambo hilo hawezi kuelewa ni kwa nini wali ulitangulia kwa mzimu.

Lakini mlima haukuwa pekee katika kudai umiliki wa mzizi. Historia ya sansam, ukiisoma upande wa mabwana, ni orodha ndefu ya watu waliosema: ni wangu.

Kisa cha zamani kina ucheshi wake. Kumbukumbu za Samguk sagi zinaeleza kwamba mwaka 799, ufalme wa Silla ulipata jinsengi yenye urefu wa cheok tisa, kipimo ambacho kwa hesabu ya leo kinakaribia mita tatu. Ikapelekwa China kama zawadi kwa kaisari Dezong wa nasaba ya Tang. Kaisari akaitazama, akasema hii si jinsengi, akaikataa. Mtu anajiuliza wale wajumbe walirudi nyumbani na uso gani.

Baadaye hakukuwa na wa kukataa. Chini ya nasaba ya Joseon, iliyotawala tangu 1392, jinsengi ilikuwa kodi. Jiografia ya ufalme iliyoambatanishwa na kumbukumbu za mfalme Sejong, ya mwaka 1454, inaitaja kama zao la wilaya nyingi za nchi. Kila wilaya ilidaiwa kiasi chake, iwe imeona au haikuona. Mlima hutoa unapotaka, ofisi ya kodi hungoja tarehe. Kadiri mizizi ilivyopungua ndivyo wachimbaji walivyosukumwa mbali zaidi, kaskazini, hadi kwenye mito ya Amnok na Tumen, na kisha kuivuka.

Ng'ambo ya mito hiyo palikuwa na mwenye mali mwingine. Wamanchu, walioitwaa China na kuanzisha nasaba ya Qing mwaka 1644, walikuwa wamejijenga kwa sehemu kubwa kwa biashara ya jinsengi, na misitu ya asili yao waliifunga kwa wengine. Mwaka 1685 wachimbaji wa Kikorea waliovuka mpaka walikutana na maofisa wa Qing waliokuwa wakichora ramani, wakawafyatulia risasi. Beijing ilikasirika, wahusika wakaadhibiwa vikali, na mfalme Sukjong mwenyewe akatozwa faini ya fedha kwa kosa la raia zake. Mwaka 1710 likatokea baya zaidi: watu wa wilaya ya Wiwon walivuka usiku, wakawaua wachimbaji wa upande wa pili na kuondoka na mizizi yao. Kutokana na hilo kaisari Kangxi alimtuma ofisa Mukedeng kukagua mpaka, na mwaka 1712 likasimamishwa jiwe karibu na kilele cha mlima Baekdu kuonesha mahali nchi mbili zinapotengana. Jiwe hilo lilitoweka mwaka 1931, lakini ubishi juu ya maneno yaliyochongwa humo bado upo. Mpaka wa mataifa mawili, kwa kiasi kikubwa, ulichorwa kwa sababu ya watu waliokuwa wakitafuta mzizi.

Mwaka uleule wa 1710, serikali ya Japani ilitengeneza sarafu maalumu za fedha kwa ajili ya kununulia jinsengi ya Korea na si kitu kingine. Sarafu zake za kawaida zilikuwa zimechakachuliwa mno hata Wakorea walikuwa hawazitaki. Na ni wakati huohuo padri Mfaransa Pierre Jartoux, aliyekuwa akichora ramani za Manchuria kwa ajili ya kaisari, aliuona mmea huo karibu na mpaka wa Korea, akauelezea katika barua ya mwaka 1711 na kukisia kwamba huenda Kanada, yenye misitu ya aina hiyo, nako ungekuwapo. Padri mwenzake, Joseph-François Lafitau, aliisoma barua hiyo, akautafuta, na mwaka 1716 akampata ndugu wa mmea huo karibu na Montreal.

Ng'ambo ya Baekdu wachimbaji wa Kichina nao wana mizimu yao. Humheshimu Sun Liang, ambaye hadithi humtaja kuwa mchimbaji aliyefia msituni akimtafuta mwenzake, na humtolea sadaka siku ya 16 ya mwezi wa tatu wa kalenda yao. Serikali ya China iliziingiza desturi hizo kwenye orodha ya urithi wa taifa mwaka 2008.

Njia ya kutoka katika balaa la kodi na damu ilikuwa kulima. Na hata hapo, Wakorea wanasema, ruhusa ilitoka mlimani. Mji wa Geumsan, ambao leo ndio soko kuu la jinsengi nchini, una hadithi ya kijana wa ukoo wa Gang, aliyekuwa na mama mgonjwa. Alikwenda kuomba katika pango la mlima Jinak. Sansin akamtokea ndotoni na kumwonesha mahali kwenye jabali palipo na majani yenye matunda mekundu. Mama alipona kwa mzizi ule, na kijana akapanda mbegu zake katika kijiji cha Seongok. Wenyeji husema hayo yalitokea miaka 1,500 iliyopita. Tarehe hiyo ni ya hadithi, kwani ushahidi wa kilimo kikubwa ni wa karne za karibuni zaidi. Lakini hadithi inafanya kazi yake: mzizi ulihama kutoka msituni hadi shambani kwa mkono wa mwenyewe, si kwa wizi.

Kilimo kilizaa utajiri, na utajiri ukazaa serikali yenye njaa. Jinsengi nyekundu, ile inayopikwa kwa mvuke kisha ikakaushwa, iliwekwa chini ya ukiritimba wa dola kwa sheria ya mwaka 1908. Ukoloni wa Japani ukaurithi, kisha jamhuri ikaurithi, na haukuondolewa hadi 1996.

Simmani wao waliendelea kupanda milima ambayo ilikuwa ikibadilika chini ya miguu yao. Wakoloni wa Kijapani waliendesha kampeni za kuua wanyama waharibifu, na katika miaka ya 1920 chui milia wakawa wametoweka kabisa katika sehemu ya kusini. Vita vya 1950 hadi 1953 viliiacha Gangwon ikiwa imekatwa katikati. Baekdu na misitu mashuhuri ya Ganggye ilibaki Kaskazini, na miteremko mingi ya mpakani ikapandwa mabomu ya ardhini. Sheria ya mwaka 1966 ikawaondoa wafyekaji milimani na kuwahamishia mabondeni. Kisha ikaja kampeni ya Kijiji Kipya ya rais Park Chung-hee, katika miaka ya 1970, ambayo pamoja na kubadilisha mapaa ya nyasi kuwa ya bati na vigae ilitangaza vita dhidi ya ushirikina. Vijumba vya mizimu vilibomolewa katika vijiji vingi, na miti mitakatifu ikakatwa ili barabara ipite. Tambiko la simmani liliokoka kwa sababu rahisi: lilifanyika mahali ambapo ofisa wa kijiji hakuwa na haja ya kupanda.

Kilicholifikia baadaye kina nguvu kuliko ofisa. Ni soko. Mizizi ya porini hugawanywa kwa madaraja, na iliyo juu kabisa ni cheonjong, mbegu ya mbinguni, yaani ile ambayo ukoo wake wote haukuguswa na mkono wa mtu. Mzizi mmoja mzee unaweza kuuzwa kwa bei ya gari. Chini yake kuna sanyangsam, inayopandwa kwa mbegu msituni na kuachwa ikue yenyewe bila dawa, na wilaya ya Hamyang, chini ya mlima Jiri, imeifanya kuwa jina lake. Mwaka 2021 iliandaa maonesho ya kimataifa yaliyochukua mwezi mzima. Kati ya hizo mbili kuna uwanja mpana wa udanganyifu, kwa maana jicho la kawaida haliwezi kutofautisha mzizi wa mbinguni na uliopandwa na jirani miaka 15 iliyopita.

Waingiaji msituni nao wamebadilika. Wastaafu, wapenda matembezi, watu waliojifunza kutambua majani kwa video, hupanda Jumamosi na kurudi Jumapili bila mwiko wala wali. Baadhi yao huchukua hata vile vijani vitatu. Sheria ya misitu ya Korea Kusini inamtambua mwenye mali kwa lugha nyingine kabisa: anayechukua mazao ya msitu bila idhini ya mwenye ardhi anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini ya hadi won milioni 50, na ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku kuchimba. Simmani wa leo, kwa hiyo, anaomba ruhusa mara mbili, mara moja kwa karatasi na mara moja kwa kuinama. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ile ya pili ndiyo iliyoulinda mmea kwa karne nyingi, ingawa hakuna polisi anayeweza kuisimamia.

Serikali ileile iliyowahi kuita mambo haya ushirikina sasa inayahesabu kuwa mali. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kilimo cha jinsengi wa Geumsan kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Mwezi Desemba 2020, Korea Kusini iliutangaza utamaduni wa kulima na kutumia jinsengi kuwa urithi wa taifa usioshikika, bila kumtaja mtu yeyote au kundi lolote kuwa mlezi wake, kwa hoja kwamba ni wa wananchi wote. Katika sherehe za majira ya kupukutika kwa majani, tambiko la Sansin hufanyika jukwaani, vipaza sauti vikiwa wazi, na watoto hualikwa kupiga kelele ya "Simbwatda!" ili washinde zawadi.

Na lugha ya siri? Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea ilipochapa kamusi yake kuu mwaka 1999, iliyaingiza maneno mengi ya simmani, kila moja likiwa na maelezo kwamba ni msemo wa wachimba jinsengi. Durubari limo. Mtoto wa shule wa Seoul anaweza kulitafuta kwa simu yake na kusoma kwamba maana yake ni chui milia, mnyama ambaye katika milima hiyo hajaonekana kwa takriban miaka mia moja.